Macho ya Mjomba Gizani

Simba alimuua mama mkwe wangu msimu wa kuvuna mpunga, ndani ya dungu lake, bondeni upande wa Mbuchi. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo mtu analala kulinda shamba lisiliwe na nguruwe. La kwake lilipita kimo cha mwanamume, na kila jioni alikuwa akiivuta ngazi juu. Simba hakuhitaji ngazi. Alirarua ukuta wa makuti, akamkamata mguu, akamshusha.

Tulipofika asubuhi kutoka Kibiti tulikuta kanga yake moja imenasa kwenye nguzo, na mpunga umelala chini, umelowa damu, mpaka kwenye matete. Mume wangu aliingia kwenye matete peke yake. Alitoka na kitu alichokifunga kwa shati lake, na shati lile halikuwa kubwa. Tukazika tulichokipata.

Hakulia. Matangani, mzee mmoja alipomwambia kwamba hiyo ni kazi ya Mungu, alimpiga ngumi ya mdomo mbele ya watu wote waliokaa mkekani. Watu walimshika, naye akawa anapiga kelele: "Mungu gani anayemwacha mbuzi, mama akaliwa?"

Kweli, mbuzi wa mama mkwe alikuwa amefungwa chini ya dungu lile lile, na hakuguswa. Maneno ya mbuzi yalienea bonde zima. Msimu ule mama mkwe hakuwa wa kwanza kuliwa, na watu walikuwa wameshaacha kusema simba. Walisema simba mtu: mtu anayegeuka usiku, au mzuka anaoutuma kwa adui yake. Simba wa porini hachagui, walisema, lakini huyu kachagua.

Na kama ametumwa, basi yupo aliyemtuma. Jina lililotajwa lilikuwa la mjomba, kaka wa tumbo moja wa marehemu. Walikuwa wamegombana miaka kwa sababu ya minazi ya baba yao. Siku ya ugomvi wa mwisho mjomba alimwambia dada yake mbele ya watu: "Minazi hii utaiacha, na hutaiacha kwa miguu yako." Alikuwa mtu mwenye ulimi mchafu tangu ujana wake. Lakini baada ya msiba, neno lile kila mtu alilikumbuka.

Wakati huo tulikuwa na banda la video kando ya barabara kuu, pale Kibiti: kuta za udongo, madirisha tumeyaziba kwa magunia, televisheni, deki, na jenereta nyuma ya ukuta. Ilikuwa miaka ya vitu kufunguliwa. Vilivyokuwa vya magendo vilikuja mchana kweupe, na vijana walikuwa tayari kukosa chakula cha mchana wasikose picha ya ngumi. Mimi nilikuwa napiga picha za harusi upande wa wanawake, kule wanakocheza bila mtandio, ambako mwanamume haingii. Kwa hiyo nyumbani kwetu mwenye kujua kamera nilikuwa mimi. Kamera yangu ilikuwa kubwa, ya kubeba begani, na bila taa haikuona kitu.

"Nataka kamera inayoona gizani," mume wangu aliniambia siku moja.

"Ya nini?"

"Nitamnasa akigeuka. Nikimwonyesha kwenye tivii, nani atabisha?"

Alikuwa ameshapata wenzake wawili. Walikwenda bondeni na tochi na mapanga wakitafuta huo mzuka, na vijana wa bandani wakawaita wasaka mizuka, kwa mzaha kwanza, kisha kwa heshima. Nilikubali kwenda naye Dar es Salaam kununua kamera. Niliona heri ashike kamera kuliko panga.

Tulikwenda Kariakoo, kwenye duka la kijana mmoja wa Kipemba, mtu mpole, mwenye subira. Alituwekea kamera tatu juu ya kioo. Ya kwanza ilikuwa kama yangu, na taa kali kichwani.

"Hii inaona gizani," alisema.

"Hiyo inaleta mchana," nikamwambia. "Sisi tunataka giza libaki giza."

Ya pili ilikuwa ndogo, nzuri machoni. Alisema haihitaji taa kabisa. Nilipoijaribu chini ya meza, picha ilikuwa chengachenga tupu, kama uji wa mtama. Ya tatu ilikuwa na swichi ubavuni, na chini ya lenzi kitaa kidogo cheusi.

"Hii ina taa," Mpemba alisema, "ila taa yake jicho la mtu haliioni."

"Na la simba?" mume wangu aliuliza.

Yule kijana alimtazama. "Simba sijamuuliza. Kwani mnakwenda kupiga picha ya nini?"

"Mzuka."

"Wa mtu au wa mnyama?"

"Ndicho tunachotaka kujua."

Hakucheka. Alitupeleka stoo, nyuma ya duka, akafunga mlango. Giza lilikuwa tititi. Nikaweka jicho kwenye kamera, nikabonyeza swichi, na stoo yote ikatokea, ya kijani kama maji ya mtoni. Niliona maboksi ya feni. Katikati ya maboksi alisimama mume wangu, na machoni mwake mlikuwa na miviringo miwili myeupe inayowaka. Nilipiga yowe, kamera ikanusurika kuanguka.

"Ni taa hiyo, dada," Mpemba alisema gizani. "Inaingia kwenye jicho, inarudi. Nimulike na mimi. Hata imamu ukimmulika atawaka."

Mume wangu alinipokonya kamera, akanielekezea. "Una macho ya paka, mke wangu," alisema, na akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tuzike. Kwa hiyo alijua. Alionyeshwa, akaelezwa, akacheka. Nalisema hili kwa sababu baadaye wapo waliomtetea kwamba hakujua.

Niliichagua ile ya tatu. Nilimwambia mume wangu ukweli wake: rangi haina, na mwanga wake hauvuki ukubwa wa sebule. Akitaka mbali zaidi anunue taa ya nyongeza ya kuchomeka juu. Tukanunua na taa ile. Jokofu letu la soda tulikuwa tumeshaliuza.

Akaanza kwenda nayo bondeni na wenzake. Asubuhi alinirudishia kanda nami nikazitazama bandani kabla wateja hawajaja. Niliona mpunga, nguruwe, mgongo wa kiboko mfereji ulipokutana na mto. Simba hakuwamo. Siku moja, akiwa ameshika kamera upande mmoja wa bonde, upande wa pili simba alimchukua mwanamke aliyetoka kwenda chooni, akamla karibu na nyumba yake hata watoto wakasikia. Mume wangu alirudi akatupa ndoo ukutani ikapasuka.

Kisha akaja na kanda ya mjomba.

Walikuwa wamejificha karibu na shamba lake. Kwenye kanda kinaonekana kibanda cha chini, mlango wake mfupi. Mlangoni anatokea mjomba, kwa mikono na magoti, kama atokavyo mtu yeyote kwenye kibanda kile. Anainua kichwa kuelekea kwenye kamera. Macho yanawaka meupe. Anabaki vile vile, ameinama kwa miguu minne, anasikiliza. Kisha anapiga chafya, anasimama, anakwenda kukojoa.

Mume wangu alikuwa ameisimamisha picha kabla ya chafya.

"Hata wewe ulikuwa hivi dukani," nikamwambia.

"Mimi sikuwa natambaa."

"Mlango ni mfupi! Ulitaka atoke vipi? Mume wangu, ifute kanda hii. Utamuua mjomba wako."

Alinipiga kofi la mdomo. Hakuwahi kunipiga kabla ya hapo. Meno yangu yalichana mdomo kwa ndani, nikameza damu. Akatoa kanda kwenye kamera, akaitia mfukoni, akatoka.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, aliwaita bandani bila kiingilio. Mimi nilikuwa uani, namimina mafuta kwenye jenereta. Nilisikia kwanza kimya, halafu ngurumo ya watu wengi kwa pamoja, kama paa linaanguka. Mjomba siku ile alikuwa Kibiti. Alikuwa ameketi mabasi yanaposimama, anauza ng'onda, samaki wa kukausha, ameitandaza kwenye gunia. Vijana walitoka bandani mbio, na hakuna aliyehitaji kuulizia alipo.

Walimburuta kwa kanzu. Walipofika uani kanzu ilikuwa imebaki kola na mikono. Walimpiga kwa fimbo, kwa viatu, kwa samaki wake mwenyewe. Mmoja alirusha panga, mjomba akakinga kwa mkono wa kushoto, na vidole viwili vikabaki vimening'inia kwa ngozi. Alikuja mtu anavingirisha tairi, na mwingine ameshika chupa ya mafuta ya taa. Lakini waliokuwa mbele walitaka kwanza akiri. Wakamwingiza bandani ajione kwenye televisheni.

Mimi nikaingia nyuma yao. Kamera ilikuwa juu ya meza, nyaya zake zimechomekwa kwenye tivii, ndiyo waliyoonyeshea kanda. Nikaitoa kanda. Macho ya mjomba yakapotea kwenye kioo, watu wakaguna. Nikashusha gunia la mlangoni, giza likajaa banda. Nikabonyeza swichi, nikawageuzia kamera.

"Tazameni tivii!" nilisema. "Tazameni, ni nyie!"

Walitokea wote, wa mbele mpaka wa ukutani, wa kijani, wamebanana, wameinua fimbo. Na waliokuwa karibu na meza walikuwa na macho meupe yanayowaka, kila mmoja. Mtu mmoja alisema, "Yule ni mimi?" Mwingine alijigusa shavu, na kwenye kioo akajiona anajigusa. Kelele zilikatika. Niliwaambia ni taa ya kamera, kila jicho linarudisha mwanga, hata la mtoto. Nilifikiri yamekwisha.

Mume wangu akanirukia anipokonye kamera. Uso wake ukajaa kioo kizima, mdomo wazi, macho yanawaka kuliko ya wote kwa kuwa alikuwa karibu zaidi.

Sauti ikatoka nyuma: "Ni huyu! Mjomba na mpwa, damu moja!"

Sijui kwa nini hawakusikia nilichosema. Au walisikia, lakini mikono ilikuwa imeshainuliwa na ilitaka pa kushukia. Walimwangukia. Nilisikia mkono wake ukivunjika, kama kuni kavu. Nilipiga kelele nikijimulika mwenyewe, "Na mimi! Nitazameni na mimi!" na hakuna aliyetazama. Kamera ilianguka, gunia likararuliwa, mwanga ukaingia, wakamburuta mume wangu nje kwa kumshika miguu kuelekea kwenye tairi.

Mjomba alikuwa ameachwa sakafuni. Aliinuka. Alikuwa karibu uchi, amebana kwapani mkono wake uliokatwa. Alipita katikati yao akajilaza juu ya mume wangu, kifua kwa kifua, damu ikimchuruzikia mpwa wake shingoni.

"Huyu ni mtoto wa dada yangu," alisema. "Dada yangu ameliwa. Mkitaka kuwasha, washeni. Wa ukoo wetu mtakuwa mmetumaliza."

Yule mwenye chupa alisimama. Alikuwa ameshafungua kizibo. Bibi mmoja, mwuza maandazi, alikuja akamnyang'anya chupa ile kama anavyomnyang'anya mtoto, akamwambia, "Nenda kwenu." Akaenda. Wengine wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, wakiangalia chini. Mgambo walifika uwanja umebaki na tairi.

Mjomba alipoteza vidole viwili. Mume wangu alipoteza meno ya mbele, na mkono wake haukunyooka tena. Walilazwa wodi moja na hawakusemeshana.

Kabla ya mvua, askari wa wanyamapori walimpiga risasi simba jike mzee, mwenye waya wa mtego uliozama ndani ya nyama ya mguu, wenye usaha. Hakuwa na mbio za kukamata kitu kingine zaidi ya mtu. Walimpitisha Kibiti kwenye lori. Vijana wale wale walipanda kumshika masharubu, wakaniita nije nipige picha. Nilikataa. Baada ya hapo hatukusikia mtu kuliwa, lakini wapo waliosema mjomba ndiye aliyemwachilia simba wake afe.

Mjomba alihama bonde, akaenda kuishi kwa binti yake, kijiji cha Nyamwage. Siku moja mume wangu alivaa kanzu, akaniambia, "Nisindikize."

Tulimkuta mjomba barazani anasuka ukili wa mkeka kwa vidole vilivyobaki.

"Shikamoo, mjomba," mume wangu alisema, akapiga magoti mchangani.

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi."

Mjomba hakuacha kusuka. "Kwa Mungu nimekusamehe zamani. Siku ile sikukuokoa wewe. Nilimwokoa mtoto wa dada yangu. Nilikuwa nimemtukana dada yangu, na hakuna pa kumwomba radhi tena."

"Naweza kuja kukutazama?"

"Mkeo aje. Wewe bado."

Akamwita binti yake, akamwambia aniandalie mimi wali ndani, na mume wangu aletewe maji. Nilikula peke yangu, nikimwona mume wangu kupitia mlango. Alikunywa kikombe chote pale pale alipopiga magoti, kwa mkono wake mzima, akakiweka ukingoni mwa baraza, akasubiri nimalize kula.