Vibanio Tisa

Nimebana kibanio cha mbao kwa meno ili mikono yote miwili ishike shuka, na ladha ile imerudi: mbao yenye maji na sabuni ya kipande.

Tulikaa ghorofa ya nne. Nguo zilianikwa juu kabisa ya ploti, kwenye paa la jengo, kila mtu na kamba yake. Siku moja mama yangu alikosea kamba. Jirani wa mlango wa pili akazitoa nguo zetu zikiwa bado zinachuruzika, akazitupa kwenye vumbi.

"Anika kwa masikio ya watoto wako," alimwambia, ploti nzima ikisikia.

Mama alisema pole. Akazifua upya kwa maji ya mwisho ya mtungi.

Kuanzia kesho yake, kabla ya shule, nilikuwa napanda juu kugusa vibanio vya yule mwanamke kwa ulimi, vyote tisa, nimebana pumzi. Nikipumua kabla ya cha tisa, narudi cha kwanza. Nilichapwa sana shuleni kwa kuchelewa. Kwa nini ulimi, kwa nini pumzi, siwezi kueleza. Nilijua tu kwamba sauti yake itakauka.

Ikakauka. Alikuja mlangoni kwetu amejifunga leso shingoni, akamuuliza mama kwa kunong'ona kama kuna tangawizi.

"Ingia, dada, keti," mama alisema, akawasha stovu, akamchemshia.

Nilimtazama akinywa hadi tone la mwisho. Asubuhi iliyofuata nilivilamba vyote tisa mara mbili, ili tangawizi isishinde.