Kopo la Sardini la Bengamisa

Sikutoka Lubunga, mtaa wetu, kwa kupenda kutembea. Magoti yangu yalikuwa yamechoka kabla yangu. Lakini mjukuu wangu Feza, wa université, alikuwa na memwari ya kumaliza, ile kazi ya kuandika ya mwisho wa masomo. Alitafuta kujua vijana wa sekondari wanasema nini wakisoma, katika saa ya Kiingereza, hadithi ya kijana kama wao. Katika shule mbili za mjini watoto walimtazama tu, kimya kama samaki wa kuchoma. Profesa wake akamwambia: bila maneno ya wanafunzi wenyewe, hutaitetea mbele ya maprofesa mwaka huu. Ilibaki shule moja tu, kule Bengamisa. Baba yake, mwanangu Kasongo, akakataa binti yake apande kamyo, lori la mizigo, peke yake. Donc, basi, nikafunga kitambaa kichwani nimsindikize.

Asubuhi tulivuka mto kwa pirogi, mtumbwi wa Botuli, mtoto wa marehemu Lisungi wa Yanonge. Ng'ambo, Tonton Saidi alitupakia kwenye kamyo yake juu ya magunia ya chumvi.

Barabarani ilikuwa matope na matope. Kamyo inazama, wanaume wanasukuma, mimi nasimama pembeni, viatu mkononi. Halafu tunapanda tena, mgongo unalia. Feza alinisimulia ile hadithi nisisinzie nikaanguka: msichana anatolewa shuleni na mjomba wake, aende kulea watoto wa mjomba. Msichana anakataa, anapanda meli ya mto bila kuaga.

"Na mama yake?" nikauliza.

"Kitabu haisemi, koko," akajibu; kwetu bibi ni koko.

"Basi kitabu yako iko na njaa."

Bengamisa tulifika jua limepinda. Mwalimu wa Kiingereza, Citoyen Bolaya, maana siku zile kila mtu aliitwa mwananchi hivyo, alitupokea akiwa na abakosti yake iliyopauka, lile koti lisilo na tai, na mke wake Atoka akatupa lituma ya ndizi za kupondwa na samaki. Nilikula nikiwa nimefumba macho.

"Batoto yangu bataongea, Citoyenne," mwalimu akamwambia Feza. "Kwangu discipline iko."

Kesho yake, darasani, nikaiona hiyo discipline, hiyo nidhamu yake. Kijana mmoja, Lifeta, alikuwa amevaa shingoni kopo la sardini lenye kamba, ndani yake vijiwe vinalia. Wanaliita simboli. Saa ya Kiingereza, ukisema lugha nyingine, unavishwa. Unakaa nalo mpaka umsikie mwenzako anakosa, ndipo unampa. Anayelala nalo anafagia shule.

Mimi nilikaa nyuma, karibu na ukuta. Feza alisoma polepole kwa Kiingereza, akaonyesha kwa mikono, akachora meli ubaoni. Alipofika mwisho akauliza kama msichana alifanya vizuri. Kimya. Akauliza tena. Nikaona Lifeta amesimamisha masikio kama mwindaji, na wenzake wote wamefunga midomo. Feza alikuwa anageuza kalamu vidoleni, daftari tupu. Safari yote ile, chumvi yote ile, na tutarudi mikono mitupu! Uchovu ukanitoa maneno:

"Lakini jameni! Na mama yake, nani atamuambia?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Lifeta akaja, akapiga goti.

"Pardon, koko. Ni sheria."

Akanivika.

"Lifeta! We iko na wazimu?" mwalimu akapaza sauti. "Toa ile kitu ku shingo ya mama!"

"Acha, mwalimu," nikasema. "Sheria ni sheria. Naitoa wakati gani?"

"Wakati... wakati utasikia mwingine anakosa."

"Bon. Mimi masikio yangu ilikufa zamani."

Walinitazama. Kisha msichana wa mbele, Kombozi, akasema taratibu, kwa Kiswahili, "Koko, huyu binti alifanya muzuri." Akageuka kuniangalia. Mimi nilikuwa natazama dari.

"Muzuri gani?" Lifeta akaruka. "Mama yake atalia mpaka afe!"

"Mama yake alinyamaza wakati noko, ule mjomba, anamutoa ku masomo! Alie!"

"We, Kombozi, utaolewa na nani na hiyo mudomo?"

"Si na we, kopo!"

Nikacheka, vijiwe navyo vikacheka. Basi ikawa kelele, Kiswahili, Lingala, vipande vya Kiingereza pia. Lifeta mwenyewe akasema, sauti imeshuka, kwamba yeye pia tonton wake, mjomba, alimtoa masomoni mwaka mzima akachome makaa, na hakuna aliyemuuliza. Feza aliandika mpaka mkono ukamuuma. Mwalimu Bolaya akawa amekaa kwenye dawati, anasikiliza.

Tulipoaga nilitaka kumrudishia mwalimu kopo lake. "Baki nayo, koko," akasema. "Nitasema ku mukubwa wa shule imepotea."

Kurudi kulikuwa kubaya kuliko kwenda, mvua juu ya chumvi iliyobaki. Kwenye pirogi Botuli akanichungulia shingoni.

"Koko, Chama ya serikali imekupa médaille?"

"Nimepewa kwa sababu nilisema."

"Ee! Hiyo mimi sijaona inatolewa."

Nilichojifunza ni hiki: mtoto hakosi maneno. Mahali ambapo kusema ni kosa, hata mwenye akili atafanana na mjinga.

Siku ya kutetea memwari nilikaa tena nyuma. Profesa mmoja akauliza kwa nini, katika kazi ya Kiingereza, maneno ya watoto yameandikwa kwa Kiswahili na Lingala. Feza akafungua karatasi zake. Nikaona anageuza kalamu vidoleni kama kule Bengamisa. Nikaingiza mkono ndani ya kikapu changu na kulitikisa kopo, mara moja tu.

Akacheka, akaanza kujibu.