Kalamu Niliyokataa Iombewe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo shingo hunikakamaa. Nilikuwa darasa la nane katika shule ya serikali hapa hapa Umoja, miaka ya tisini, kabla nyumba hizi hazijapandiana juu. Jana ulipomaliza kula ukaniuliza kama maombi yabaki shuleni au yaondolewe, maana sasa wewe ni mwalimu na wenzako wanabishana ofisini, niliinuka nikaondoa sahani. Usidhani sikukusikia. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na pa kuanzia ni mama yangu, nyanya yako ambaye hukujaliwa kumwona.

Mama aliugua mwaka ule ule wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mwalimu wetu wa darasa, Mwalimu Kamande, alikuwa mtu wa dini, tena mtu mwema, nisimsingizie. Kila asubuhi kabla ya hesabu alituambia tuinamishe vichwa, na darasa zima likamwombea mama yangu kwa jina. Alisema tukiomba kwa imani atapona, Mungu hakatai. Mimi nikaamini, mtoto ningefanya nini? Muhula wa pili haujaisha, tukamsafirisha mama nyumbani Bungoma, tukamzika, tukarudi. Asubuhi nilipokalia tena dawati langu, Mwalimu Kamande akasema tuinamishe vichwa tuombe. Changu nikakiacha wima. Hakuna aliyenisemesha, walidhani itapita kama mafua.

Sasa, ilikuwa desturi, na bado iko, kwamba mtihani ukikaribia kunakuwa na siku ya maombi ya watahiniwa. Wazazi wanakuja, mchungaji anaalikwa, na watoto wanapanga mstari, kila mmoja anaweka kalamu yake mezani, na rula, hata kifutio, viombewe na kupakwa mafuta. Mafuta juu ya kalamu! Kuna walioandika mtihani kalamu ikiwateleza vidoleni, lakini hayo tuyaache.

Zamu yangu ikafika. Nikaipita meza mikono mitupu, kalamu nimeichomeka ndani ya soksi.

"We Nafula, weka biro," rafiki yangu Wambui akaninong'oneza kutoka nyuma. "Weka tu, yaishe."

"Zii. Siweki."

Mwalimu Kamande akasikia. Akaniita mbele, akaniambia niitoe. Nikakataa. Mama mmoja wa kamati ya wazazi, muuza mitumba sokoni, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba kalamu moja isiyoombewa itawaletea watoto wote nuksi. Mwingine akadakia: samaki mkunje angali mbichi. Minong'ono ikaenea uwanja mzima. Watoto niliosoma nao tangu darasa la kwanza wakaanza kusogea mbali nami, na siwalaumu, walikuwa na hofu ya kweli. Mtihani ule ndio uliokuwa ukiamua nani ataingia sekondari na nani atabaki kuzurura mtaani.

"Ama uweke kalamu," Mwalimu Kamande akasema, "ama utoke nje ya geti mpaka maombi yaishe."

Nikaelekea getini. Na nikwambie jambo ambalo hata baba yako sijamwambia: nilishaapa moyoni kwamba nikivuka geti lile, sirudi. Mtihani waufanye wao na Mungu wao. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nina uchungu wa kufiwa, na hakuna mtu duniani aliyeonekana kuujua. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Njoki, alikuwa mama aliyekaribia kustaafu, mtu wa kanisa kindakindaki. Ndiye aliyemwalika mchungaji. Tulimwogopa, tukiona kivuli chake tu tunajipanga. Akainuka kitini, akanifuata hadi getini, akanishika mkono.

"Mtoto wangu, ni nani amekukosea?"

"Tulimwomba amwache mama," nikamwambia. "Sisi wote. Kila siku."

Nikangoja kiboko, au mahubiri, ambayo kwangu wakati ule hayakuwa na tofauti. Hakunipa jibu. Angenipa jibu, lolote lile, ningevuka. Alisimama tu na mkono wake begani kwangu mpaka nikaona macho yake yamejaa machozi. Kisha akanirudisha kwenye mstari wetu, akawageukia wazazi.

"Wazazi wenzangu, shule hii ni ya serikali," akasema, wala hakupandisha sauti. "Mwenye Biblia, shule ni yake, mwenye Kurani ni yake, na mwenye msiba pia ni yake. Mimi naomba, mnanijua. Lakini kalamu haina dhambi, na mtoto huyu hana jeuri, amefiwa. Mzigo wa mwenzio kwako ni kanda la usufi. Mchungaji, tuwie radhi kidogo. Kabla hujaanza, tutanyamaza. Mwenye kuomba aombe, mwenye kulia alie, mwenye kununa anune. Na mtu asimwangalie mwenzake."

Uwanja ukatulia. Nikasikia magari ya barabara ya Outer Ring, nikasikia kitoto cha mtu kikilia, halafu nikasikia kwikwi nyuma yangu. Alikuwa Wambui. Baadaye ndipo aliponiambia kwamba baba yake alifutwa kazi kiwandani, na kwao walikuwa wanalala njaa. Tulikuwa tumeomba pamoja miaka yote hiyo, kwa sauti, bega kwa bega, na kelele zetu hazikuwahi kuniacha nimsikie.

Mwalimu Kamande akaja akasimama kando yangu. Nilikuwa nimekodoa macho makusudi, namngoja aniambie niyafumbe. Akainama.

"Nafula," akasema polepole, "nilikuahidi kitu ambacho hakikuwa changu. Nisamehe."

Mwalimu mzima, mbele ya mtoto! Nililia, mwanangu. Tangu mazishi sikuwa nimetoa chozi. Mchungaji akaomba, wenzangu wakaitikia amina, mimi sikuitikia. Lakini sikutoka. Nikabaki, na mtihani nikaufanya nao.

Kuomba nilirudia miaka mingi baadaye, na hakuna aliyenituma. Ulikuwa umezaliwa wewe, ukakawia kulia, wauguzi wakakukimbiza mezani, nami nikajikuta nasema, "Mungu wangu, huyu niachie." Sikujua hata kama bado ananisikiliza. Kama wangenisukuma nje siku ile, ningemtafuta kupitia wapi?

Basi jibu langu ndilo hili, na ofisini uwaambie ni la mama yako mkaidi. Maombi kuwepo shuleni hayanisumbui. Linalonisumbua ni geti. Mtoto asifukuzwe kwa kukosa kuomba, wala asichekwe kwa kuomba. Wa Kiislamu asiachwe kuzurura uani wenzake wakifundishwa dini, mtafutieni mwalimu wake au mahali pa kutulia. Na kila asubuhi, kabla hujafungua kinywa chako kizuri hicho, wape watoto kimya kidogo. Usizunguke kukagua nani kafumba macho. Moyo wa mtu ni msitu, wewe unaona ukingo wake tu. Halafu tafadhali, usimwahidi mtoto jambo lililo mikononi mwa Mungu, kwa sababu likikosekana hatakudai wewe, atamdai Yeye.

Nenda kafundishe, mwanangu. Mungu akupe sikio kuliko ulimi, akufunike wewe na watoto wa watu uliokabidhiwa. Na ikija siku, nawe utakuwa nayo, ambayo huna neno hata moja la kumwambia, akungojee kama alivyoningojea mimi.