Jina la Dada Kwenye Skana

Juma lililopita nilikuwa kwenye kaunta ya duka moja kubwa la Ukunda, nikisubiri kubadilishiwa pasi ya umeme. Pembeni yangu fundi mmoja wa kutoka bara alikuwa akipanga upya skana za mkononi, zile za kusomea alama za bidhaa. Alirekebisha saa, akapunguza sauti. Alipofika kwenye jina la mtumiaji, mtunza stoo, mwanamke wa Msambweni, akaifunika skana kwa kiganja.

"Hilo usilifute, kaka. Ni la dada yangu. Ndiye aliyekuwa akiitumia kabla hajakwenda Uarabuni."

"Lakini madam, kazi yako itaandikwa kwake."

"Najua. Lakini kila asubuhi nikiiwasha, jina lake hunitokea. Na simu zake siku hizi ni za nadra."

Fundi akajikuna shingo. "Basi tufanye hivi. Kwa mtumiaji naweka jina lako. Lakini mashine yenyewe pia iko na jina lake, na hiyo naweza kuiita dada yako."

Akaizima, akaiwasha. Jina la dada likatokea juu, la mdogo mtu likafuata chini. Mwanamke akayapitishia kidole yote mawili.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sasa tuko zamu moja."

Skana ile humwambia kila katoni ya sabuni iko wapi na shehena nyingine itafika lini. Nilitoka pale nikitamani ingemwambia na habari za dada yake.