Pindo la Khanga ya Mama

Harufu ya udongo uliotoka chini sana, ule ambao haujawahi kuona jua, bado hunikaba. Juzi jirani yangu hapa Kahama alikuwa anachimbisha shimo la choo, nikazunguka njia nyingine. Mtu mzima, na shahada yangu, nakimbia shimo la choo.

Nilikuwa darasa la sita, karibu na Bulyanhulu, ambako baba alichimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa ametufundisha kwamba Mwingereza akizidiwa na hofu husema moyo wake uko mdomoni. "Sasa ugali anapitishia wapi?" Masele akauliza, darasa zima likaangua kicheko. Asubuhi ya Jumamosi nilimsimulia baba, akacheka mpaka akaweka kikombe cha uji chini. "Basi Wazungu wana midomo mikubwa," alisema, akachukua tochi yake, akaenda kazini.

Kabla ya adhuhuri duara lilititia, yeye akiwa ndani.

Tulipofika na mama, wanaume walikuwa wanapokezana ndoo za kifusi. Nilipoanza kulia, shangazi alinibana mdomo kwa kiganja. "Nyamaza, Kabula! Bado wanachimba. Ukimlilia sasa, umeshamzika." Ndivyo ilivyokuwa kule: aliyefukiwa haliliwi mpaka atolewe.

Mama alisimama ameng'ata pindo la khanga yake, taya zikimtetemeka. Nikalikumbuka lile somo. Kwa akili yangu ya kitoto niliamini moyo wake umeshafika mdomoni, naye ameuzibia kwa nguo usije ukaanguka mbele za watu. Nikaacha kutazama shimo, nikawa nautazama mdomo wake tu. Maadamu pindo halijatoka, niliwaza, baba yuko hai.

Jua lilikuwa limeinama walipomtoa. Mzee mmoja akavua kofia. Mama akaliachia pindo, na sauti iliyotoka sijaisikia tena kwa mtu yeyote.

Nilipomaliza chuo ndipo mama aliponiambia. Alijua tangu tulipofika, kwa jinsi wanaume walivyokwepa kumtazama usoni. Mchana ule wote aliuma nguo ili mimi niendelee kuwa na baba, japo kidogo.

Siku hizi akinipigia simu na kusema hajambo, siitikii upesi. Nasikiliza kwanza kama sauti yake inapita kwenye khanga.