Sonara Aliyepunguza Uzi

Kanga haina ugomvi na mtu. Ukiwa mnene inakufunika, ukiwa mwembamba inakuzunguka mara mbili, wala haikuulizi mabega hayo umeyatoa wapi. Buibui hali kadhalika. Lakini bangili imeapa. Inapita vidole vizuri, inakutia tamaa, halafu inafika kwenye vifundo na kugoma, na hapo usukume, uvute, upake sabuni, utukane, haiendi mbele.

Nilipanda Arusha enzi za Mdachi, nikitokea Pangani, mwashi kijana aliyeitwa kujenga nyumba za mawe karibu na Boma. Mikono yangu ilikuwa mipana tangu utotoni na kazi ikaongeza. Mawe ya Meru ni mazito, na chokaa hula ngozi mpaka ikaota nyingine nene zaidi. Msimamizi wetu Mdachi, mtu ambaye hakumsifu kiumbe, siku moja alikishika kiganja changu mbele ya vibarua wote, akasema huu ndio mkono. Wenzangu walinionea wivu wiki nzima. Mimi nilitamani aukate aende nao kwao.

Maana nyumbani, mlango ukishafungwa, nilivaa nguo za kike. Nasema waziwazi kwa sababu nimezeeka na mafumbo yamenichosha. Mwenye nyumba wangu, mjane wa makamo kutoka Tanga, alijua tangu mwezi wa kwanza, kwani kanga nilizovaa zilikuwa zake. Alinikanya jambo moja tu, nizirudishe zimekunjwa. Nje aliniita fundi na ndani aliniita mwenzangu, na hakuwahi kukosea mlango.

Uso wangu sikuuona sana. Kioo cha nyumba ile kilikuwa kigae cha kutoshea jicho moja. Lakini mikono haihitaji kioo. Iko mbele yako kutwa, ukila, ukijifunga, ukijikuna. Nikishajitanda vizuri na kujipaka wanja, naangalia chini, naona mikono ya mwashi imechomoza kwenye kanga ya mtu. Inaudhi. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo, inaudhi sana.

Nilijaribu kila kitu kilichouzwa mjini. Bangili za kioo za dukani nilivunja tatu kwa asubuhi moja, nikamwambia mwenye duka zimeniponyoka. Nilinunua pete yenye kijiwe chekundu, ikaingia kidole cha mwisho tu, tena nusu, na kuitoa ilinibidi nikae na mkono ndani ya mtungi wa maji ya mto Themi, ambayo kwa baridi hayana mfano. Wanawake wa Kiarusha waliokuja sokoni kutoka pande za Sombetini na Sokon walivaa waya uliozungushwa mkono mzima, nikawatazama kwa uchu. Nikamuuliza mmoja unavuliwaje. Akacheka, akasema hauvuliwi. Na mimi asubuhi nilikuwa na msimamizi wa kumkabili, mikono wazi, mwiko mkononi.

Haya yote ningeyavumilia kama si harusi. Mpwa wa mwenye nyumba alikuwa anaolewa, na shughuli ya wanawake ilipangwa uani kwetu Ijumaa baada ya sala. Jioni moja mama yule alikuwa akichambua mchele, akasema bila kuinua kichwa, "Mwenzangu, siku hiyo utakaa nasi. Umechoka kukaa na ukuta."

Pwani nilikotoka watu wa namna yangu walikuwepo, na harusini walikuwa na pembe yao kwenye mkeka. Arusha haikuwa na pembe hiyo. Tangu nipande huko sikuwahi kutoka chumbani kwangu nimevaa nilivyotaka, hata kwa hatua kumi za kufika uani.

"Ila mikono mitupu siitaki," akaendelea. "Mkono mtupu ni wa mwenye eda. Ukija hivyo kwenye harusi ya mwanangu umeleta nuksi, na wazee watakutoa, nami sitaweza kukutetea."

Sikuweza kubisha, desturi ilikuwa upande wake. Mjane anapokaa eda huvua mapambo yote, na mikono mitupu harusini ni kumletea bibi harusi habari ya kifo cha mumewe. Basi mahali pangu kwenye mkeka pakategemea kitu kile kile kilichonishinda. Nilibakiwa na wiki tatu.

Nilikuwa na fedha ya kutengenezea. Baba alipokufa, mama alikaa eda, na bangili zake za fedha zilikatwa kwa tupa. Vipande vinne vile alinipa mimi kabla hajafa, sijui kwa nini mimi na si dada yangu. Nilikuwa nikitembea navyo kwenye kitambaa tangu Pangani. Nikavipeleka kwa sonara.

Sonara wetu alikuwa Mhindi wa makamo aliyekaa barazani kwa mwenye duka, na mkaa wake na mrija wake wa kupulizia moto. Alikuwa mpole, mwenye mkono mwepesi, na kama wapole wengi alijua kila kitu.

"Ni ya nani?" akauliza.

"Ya mke wangu. Yuko Pangani."

"Kipimo?"

Nikampa uzi. Nilikuwa nimejipima mwenyewe usiku uliotangulia kama wanavyopimwa wanawake, gumba limekunjwa kiganjani, uzi umezungushwa penye upana wa mkono, fundo likafungwa. Akautazama uzi, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kwa huruma. Nilidhani ameniona. Nikatokwa jasho.

Siku ya nane nikaenda kuchukua. Bangili ilikuwa nzuri, imechorwa vijani vidogo pande zote. Nikakimbia nayo nyumbani, nikafunga mlango, nikakunja gumba. Ikagoma pale pale penye vifundo. Nikaleta sabuni, nikaleta samli. Mwenye nyumba akaja akashika, nami nikavuta mkono kama ng'ombe aliyefungwa, mpaka ngozi ikachubuka. Nikachukua uzi wangu wa pili, maana mwashi hapimi bila kuweka nakala, nikauzungusha ndani ya bangili. Uzi ulibaki upana wa vidole viwili.

Nikarudi barazani. "Fundi, hii si kipimo nilichokupa."

"Najua," akasema, akitabasamu. "Nimekusaidia. Ulipima vibaya, bwana. Mwanamke hana mkono kama ule. Ungempelekea mkeo kitu kile, angekuvalia kiunoni. Nikapunguza."

Nikapunguza! Mimi naishi kwa kipimo. Mdachi akinipa upana wa mlango siupunguzi kwa sababu sijawahi kumwona mtu mpana kiasi hicho. Najenga, atakayepita atapita. Huyu bwana amepewa uzi, uzi una fundo, fundo halina maoni, naye akaamua kwa niaba ya mwanamke asiyemjua kwamba mkono wake si kweli.

"Yeyusha," nikamwambia. "Fanya kama uzi."

Akayeyusha. Kila ikipita motoni fedha ya mama ilipungua kidogo, na vile vijani vikaenda. Siku ya tano nikaenda tena. Nikauzungusha uzi hapo hapo barazani. Ulibaki upana wa kidole kimoja.

"Nimekupa nusu ya ulichotaka," akasema. "Ili tusikosane."

Kwa nini nilirudi nyumbani na kuijaribu hata hivyo, sielewi. Nilikaa kitandani na bangili imekwama kwenye vifundo, nikalia kwa hasira. Mwenye nyumba akasimama mlangoni. Akasema labda nimweleze mtu ukweli mara moja katika maisha yangu, nione kama mbingu zitaanguka. Nikamwambia kwake ni rahisi kusema. Akasema hapana, si rahisi, kisha akaenda kukoroga chungu chake.

Ikawa Alhamisi. Nilitoka kazini nina vumbi la chokaa mpaka kwenye nyusi, nikafika barazani, nikaiweka bangili mbele ya sonara. Akaanza kufungua kinywa. Nilijua atakachosema. Atasema hakuna mwanamke mwenye mkono kama ule.

Nikaweka mkono wangu juu ya kibao chake, kati ya koleo na mizani. "Pima huu," nikasema. "Uzi achana nao. Pima huu hapa."

Karani wa duka alikuwa ndani akipanga marobota, nikamsikia ameacha. Nilidhani sonara atacheka, au ataita watu, na kesho msimamizi atakuwa na habari yangu na kiboko juu yake. Lakini mkono sikuuondoa. Nilikuwa nimechoka kuliko nilivyokuwa nimeogopa.

Akachukua kitambaa, akanifuta chokaa. Akalishika gumba langu, akalikunja kiganjani taratibu, namna wanavyofanya kwa wanawake ili asiumie mtu. Akazungusha uzi. Akafunga fundo. Akaulinganisha na uzi wangu wa kwanza, aliokuwa bado ameuchomeka ukutani. Zilikuwa sawa.

"Kumbe ulipima vizuri," akasema.

"Mimi ni mwashi," nikamjibu, kwa sauti ya ukali kupita ilivyostahili.

Aliifanya usiku ule ule. Kesho yake kabla ya sala akanivisha mwenyewe, kwa tone la maji ya sabuni. Ikapanda, ikasita kwenye vifundo, nami nikaacha kupumua, kisha ikapita. Ilikuwa nyembamba sasa, bila mchoro wowote, lakini ikakaa juu ya mfupa wa mkono kama imezaliwa hapo. Hakudai neno la asante, na mimi, kwa aibu ya hasira zangu, sikulitoa. Mpaka leo linanikera.

Basi nikatoka chumbani, nikaenda uani. Nilivaa kanga mpya za mwenye nyumba, wanja, na udi kwenye nguo. Wanawake waligeuka, wakanitazama, wengine wakanong'ona, mmoja akacheka wazi, kisha mwenye nyumba akasema kwa sauti, "Msogezeeni mwenzenu," wakanisogezea. Mji ule ulikuwa mdogo. Nusu yao walijua zamani, na nusu nyingine walikuwa na njaa ya pilau. Nikakaa. Nyuma ya ukuta Meru ilikuwa imejifunika mawingu, ngoma ikaanza, na mimi nilikuwa nje ya chumba changu.

Haikupita muda mwenye nyumba akanijia, uso umemvimba. "Umesumbua mji mzima kwa bangili, halafu mikono umeificha chini ya kanga?"

Nikatazama. Kweli. Nilikuwa nimeikalia, kwa mazoea. Akauvuta mkono wangu wa kuume, akaulaza juu ya paja langu, mbele ya watu, akaenda zake kugawa kahawa.

Jirani yangu kwenye mkeka alikuwa bibi mzee wa Kimeru, aliyeolewa zamani na mchukuzi wa misafara akasilimu naye, na sasa ni mjane. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo, akaitika marahaba na kuendelea kutafuna. Sasa akaacha kutafuna. Akauinamia mkono wangu.

"Mwanangu, hii imeingiaje?"

"Ilitengenezwa kwa kipimo, bibi."

"Umevishwa ukubwani?"

"Jana tu nilikuwa sina."

Akastaajabu. Akawaita wengine wawili waje waone. Sikuelewa ajabu iko wapi mpaka mmoja wao, mwanamke mwenye bangili nne nzito kila mkono, aliponicheka. "Unadhani hizi zangu zinavuka?" Akazisukuma mpaka kwenye vifundo, zikagoma. Vifundo vyake vilikuwa vinene kama vyangu, vya jembe na mtwangio. "Mama alinivisha nina miaka saba. Mkono ulikuwa mlaini kama ndizi mbivu. Ukishakua na kulima, hakuna ya kuingia tena wala ya kutoka. Ndiyo maana ya mjane hukatwa."

Vipande vinne vya mama nilikuwa nimevibeba miaka yote ile, na sikuwahi kujiuliza kwa nini bangili zake zilikatwa badala ya kuvuliwa. Nikakumbuka dada yangu akivishwa. Tulikuwa tumekaa wawili kizingitini, mama ana bakuli la maji ya sabuni, na dada alipokwisha vishwa, mimi nami nikanyoosha mkono. Mama aliukunja vidole, kimoja kimoja, akanirudishia kifuani. Ulikuwa mkono mdogo wakati ule. Ungepita.

Miaka yote niliulaumu mkono. Haukuwa na kosa. Ulichelewa tu kuvishwa.

Bibi wa Kimeru alikuwa bado ameushika. Zake zilikatwa mumewe alipofariki, akaniambia, na eda ilipokwisha alizunguka maduka yote akikosa ya kumwenea, akakata tamaa. Alikuja harusini na uzi wa shanga, ili asionekane mtupu. Akaniomba ajaribu yangu. Nikaivua kwa samli ya pilau, akaivaa, ikapita, akauinua mkono juani akaugeuzageuza. Hakuonyesha dalili ya kuivua.

Mungu anisamehe, sikumwachia. Niliidai, na alipoirudisha nikaona macho yake, nikaona haya.

"Nenda kwa sonara pale barazani kwa Wahindi," nikamwambia. "Usipeleke uzi, atakupunguza. Uweke mkono wenyewe mezani."

"Na akiniambia hakuna mwanamke mwenye mkono kama huu?"

"Mwambie ameshampima mmoja."