Nesi, Maisha Imebaki Sita

Nianze na habari njema, usije ukapanda presha kama mimi: binti yangu ni mzima. Anakula, anacheka, akiona panya anapanda juu ya kiti. Haya. Sasa naweza kueleza kwa utulivu namna nilivyommwagia mwalimu wa watu chupa nzima ya mafuta ya maombi kichwani.

Mimi nakaa Mvara na kuuza vitenge sokoni Arua. Nilizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo, nikaolewa huku, nikazaa huku, na mume wangu nikamzika huku. Watu husema nina hasira za karibu, na sikatai. Kwanza nagomba, halafu ndiyo nauliza. Nina mtoto mmoja tu, msichana, nesi katika kituo cha afya huko Koboko. Kila baada ya wiki mbili anakuja kunisalimia, na kila akija ananiachia mfuko wa nguo chafu, mtu mzima na mshahara wake. Nagomba, kisha nafua.

Jumamosi ile asubuhi, kabla ya kuloweka, nilipekua mifuko ya gauni lake la kazi, maana ana tabia ya kusahau kalamu ndani na wino hautoki. Kalamu sikuikuta. Nilikuta karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa mwandiko mzuri kama wa ubaoni. Naikumbuka neno kwa neno:

MUUAJI. Shetani mkubwa. Mikono minne. Maisha 90.
Panga haimuui. Moto haimuui.
Anaua mmoja mmoja. Anaanza na mwenye huruma.
Mwindaji – maisha imebaki 14.
Nesi – maisha imebaki 6.
Jumamosi saa tisa, nyumbani kwa Nesi. Tunamaliza.

Nilisoma mara ya kwanza nikadhani ni mambo ya shule. Nikasoma mara ya pili, nikafika ule mstari wa Nesi. Nilikaa chini palepale penye maji ya sabuni.

Jirani yangu, mama wa kikundi cha maombi, alikuwa bombani. Nikampa karatasi. Alisoma akitembeza kidole, midomo inachezacheza, kisha akanirudishia haraka.

"Mama, hii ni agano," akasema. "Wamekwisha kumwandika mtoto."

"Maisha sita ni nini? Siku? Miezi?"

"Mimi najua wapi? Pengine saa. Leo si Jumamosi?"

Toba! Nikachukua simu na mikono yenye povu. Binti yangu akapokea, nyuma yake nikasikia watu wakiongea. Nikamuuliza uko namna gani. Akajibu, "Niko sawa, Mama. Niko sawa kabisa. Niko na wageni leo, nitakupigia jioni." Akakata.

Pengine wewe ukiambiwa hivyo roho yako inatulia. Yangu hapana. Baba yake alipolazwa, mimi nilikuwa nimekwenda ng'ambo kuuguza mama yangu, na siku tatu mfululizo alikuwa ananiambia kwa simu niko sawa kabisa, usijisumbue, niko sawa kabisa. Siku ya nne simu yake ilipigwa na mtu mwingine. Tangu hapo neno hilo silitaki masikioni mwangu. Mtu akiniambia ana malaria, nashukuru. Akiniambia yuko sawa kabisa, natafuta viatu.

Nikatafuta viatu. Jirani akanikimbilia na chupa ya mafuta yake ya maombi, akaniambia, "Umpake kipajini, na huyo mwingine umpake pia, kama atasimama." Nikashika mwavuli mkono huu na chupa mkono ule, nikapanda gari la Koboko. Njia nzima nilikuwa nikiangalia saa tu. Dereva alisimama kununua mihogo na nilimtukana kwa lugha tatu. Akarudisha mihogo, akawasha gari.

Binti yangu amepanga chumba na sebule nyuma ya msikiti. Nilipofika uani kulikuwa kimya, mlango uko wazi, pazia limeshushwa. Saa tisa na robo. Nikasogea ili nichungulie, na ndipo nikaisikia hiyo sauti. Nzito, ya chini sana, kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa.

"Nimekuja kuchukua Nesi. Mlango yenu si kitu kwangu."

Halafu sauti ya mtoto wangu, taratibu, bila woga: "Basi chukua mimi. Hawa waache."

Sikumbuki kufungua pazia. Jirani wa binti yangu anasema pazia lilikatika na ubao wake. Mimi nakumbuka tu kwamba niliingia nikipiga kelele kwa jina la Yesu, nikaona kichwa cha kwanza mbele yangu, na nikamwaga chupa yote.

Mafuta yakawa yanadondoka mezani.

Aliyekaa pale alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, mwenye mtandio wa kijani na miwani. Mikono miwili tu, nilihesabu. Kando yake kulikuwa na kijana mmoja mkubwa mwenye oili ya pikipiki kwenye kucha, amenyanyua kiti kujikinga na mwavuli wangu. Na ng'ambo ya meza binti yangu, mdomo wazi. Mezani kulikuwa na dadu, chai, sahani ya mandazi na mafungu ya maharage makavu.

Yule mwanamke akavua miwani, akaipangusa. Akalamba mdomo kidogo.

"Karibu, Mama," akasema, kwa sauti nyembamba ya mtoto wa shule. "Hii mafuta ni ya kula?"

"Mama!" Binti yangu akapata sauti. "Mama, iko nini?"

"Unaniuliza mimi iko nini? Wewe iko mugonjwa? Sema ukweli! Maisha sita ni nini?" Nikamvuta, nikamfunua kope la chini kuangalia kama ana damu, nikamshika shingo, nikamgeuza mgongo. Yeye nesi, na mimi ndiye nampima. Alikuwa ana joto la kawaida, na alikuwa amenenepa. Nikamtupia karatasi. Akaisoma, akamwangalia mwenzake mwenye mafuta, na wote watatu wakaanza kucheka. Kucheka gani! Yule kijana aliweka kiti chini ili apate nafasi ya kushika tumbo.

Kumbe ni mchezo. Jamani, mchezo! Yule mwanamke ni mwalimu wa shule ya msingi, Mnubi wa hapohapo Koboko, na Jumamosi hukutana hao watatu. Mwalimu anatunga hadithi: kuna kijiji, kuna msitu, kuna shetani anayeua watu. Wenzake kila mmoja anakuwa mtu ndani ya hadithi. Fundi wa pikipiki ni mwindaji, binti yangu ni nesi. Wanasema wanachotaka kufanya, wanarusha dadu, na mwalimu anawaambia kilichotokea. Ukipigwa, unapunguziwa maisha, na maisha ni yale maharage. Yakiisha, umekufa, unatafuta mtu mwingine wa kuwa. Wanacheza kwa Kiswahili kwa sababu mwalimu kwao ni Kinubi, fundi kwao ni Kikakwa, na binti yangu kwao ni mimi na Kiswahili changu cha Kongo.

"Tulijaribu Kingereza," fundi akaniambia. "Ikashindikana, Mama. Shetani akiongea Kingereza anakuwa kama mutu ya ofisi."

Hapo ndipo nilipovuta pumzi. Nilikaa chini sakafuni, nikalia, nikacheka, nikagomba, vyote pamoja. Nikamwambia binti yangu yeye ni mpumbavu, na kwamba namshukuru Mungu, na kwamba nguo zake atafua mwenyewe mpaka mwisho wa dunia. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba ningeweza kumkumbatia hata huyo shetani wao. Nilimkumbatia, kwa kweli. Nilifungua kitenge changu cha juu, nikampangusa mwalimu uso, masikio na miwani, nikimwomba msamaha kila nikipangusa, na yeye akasema hakuna neno, Mama, ngozi yangu ilikuwa kavu. Binti yangu akampa mtandio mwingine.

Nilipewa chai. Nikala mandazi manne, maana tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu tumboni. Kisha nikasema endeleeni, nataka kumwona huyo aliyenitoa Arua mbio.

Mwalimu akakohoa kidogo, akainamisha kichwa, na ile sauti ya pipa ikatoka tena kwenye kamwili kale. Nywele zilinisimama ingawa nilimwona kwa macho yangu akiwa na makombo ya andazi kidevuni. Hadithi ilikuwa imefika hivi: mwindaji yuko nyuma ya nyumba, ana mkuki na maharage kumi na nne. Nesi yuko mlangoni, ana sita. Ndani mna wagonjwa watatu wasioweza kutembea. Shetani amefika uani. Muuaji huyo ana desturi yake, hataki wenye nguvu kwanza. Anamtafuta mwenye huruma, kwa sababu huyo ndiye hakimbii.

"Nesi anafanya nini?" mwalimu akauliza.

"Anakimbia!" nikasema mimi.

"Mama, nyamaza. Anabaki mlangoni."

"Anabaki kwa nini? Mlango wa nyuma uko wapi?"

"Upo," mwalimu akasema. "Akitaka, anapita."

"Umesikia? Pita!"

"Na wagonjwa?"

Nikaangalia mezani. "Wagonjwa wako wapi? Wao ni maharage yapi?"

"Hawana maharage, Mama. Ni wa kusemwa tu."

"Watu wa kusemwa tu! Na wewe unataka kufa kwa ajili ya watu wa kusemwa! Kimbia, mtoto!"

Fundi akacheka. Binti yangu hakucheka. Alinitazama kwa lile jicho la baba yake, la mtu asiyegomba wala asiyebadili neno, akasema, "Nesi anabaki mlangoni," akachukua dadu.

Furaha yangu ikatulia kidogo. Jicho hilo nalijua. Mwaka ule ugonjwa ulipoingia huku kwetu, na watu wakaogopa hata kusalimiana kwa mkono, nilimpigia simu mara kumi kwa siku arudi Mvara. Nilimtishia, nikamlilia, nikamwambia nitakufa kabla yake. Akaniambia, "Mama, na wagonjwa?" Maneno yaleyale, sauti ileile. Alibaki kule miezi, halafu akarudi amekonda, mikono imechubuka kwa kunawa, akaniomba chai. Hatukuongea habari hizo tena. Na hata sasa, ikitangazwa homa fulani ya watoto huko Abuku, ndiye wa kwanza kupanda pikipiki na sanduku la chanjo. Nilikuwa nimekuja Koboko kumkomboa kutoka kwa shetani wa karatasi, na nilishukuru kwamba ni wa karatasi. Lakini binti aliyesimama mlangoni hakuwa wa karatasi.

Akarusha dadu. Ikatoka mbili tu. Mwalimu akachukua harage moja mbele ya binti yangu. Yakabaki matano.

"Ngoja," nikasema. "Mwalimu, ngoja kwanza. Huyo nesi amevaa glovu?"

Mwalimu akaangalia karatasi zake. "Haikuandikwa, Mama."

"Basi andika. Nesi gani anasimama mlangoni bila glovu?"

Akafikiri. Ni mtu wa haki yule, anafikiri kabla ya kujibu, si kama mimi. "Ni kweli," akasema, na akarudisha harage moja mbele ya binti yangu. Sita.

"Na gambuti za mpira?"

"Mama!" binti yangu akasema.

"Wewe nyamaza, naongea na mwalimu. Gambuti amevaa?"

"Amevaa," mwalimu akasema. Saba.

"Na aproni ile ya plastiki, ndefu?"

Nane.

"Amekula asubuhi? Maana huyu ana tabia ya kwenda kazini na chai tupu. Andika amekula. Andika mihogo na maharage. Na usiku alilala. Na kuna mtu wa kumpokea zamu, hasimami peke yake mchana kutwa. Andika hiyo pia."

Mwalimu alinitazama kwa zile miwani zenye ukungu wa mafuta, kisha akausukuma mkebe wote wa maharage mpaka mbele yangu.

"Weka mwenyewe, Mama," akasema, kwa sauti yake nyembamba.

Nikaweka. Moja moja, mbele ya binti yangu, nikitaja kila kitu kwa jina: barakoa, maji ya kunawa, dawa, likizo. Nilipofika ishirini na kitu binti yangu akanishika kifundo cha mkono, machozi yamemjaa machoni, akasema, "Imetosha, Mama. Imetosha sasa."

Nikamwambia sawa. Akaniachia mkono, na nikaongeza moja.